Mke wa Mwanangu na Blauzi Tisa

Watu wanamwita Mwalimu wa Simu. Mimi namwita mke wa mwanangu, kwa sababu nilimjua kabla hajawa mwalimu wa chochote. Aliingia nyumbani kwangu na begi moja na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, na kesho yake nilipompa sindano alishindwa kuitia uzi. Nilimtazama akiulamba ule uzi mara tano, nikasema moyoni, haya, nimeletewa.

Nataka kuandika habari zake kwa sababu zinasimuliwa ovyo. Wanaompenda wanasema ana akili za mtandao. Wasiompenda wanasema alibahatisha. Wote hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye stuli yangu hatua nne kutoka meza yake, na kosa lililotokea lina mkono wangu ndani yake, kama nitakavyoeleza nikifika huko.

Alikozaliwa hakukuwa na shule ya karibu. Jirani yao alikuwa na redio, na asubuhi redio hiyo ilitoa masomo ya watoto wa shule. Yeye alikuwa akikaa nje, chini ya dirisha la jirani, na kipande cha ubao na mkaa, anaandika anachosikia. Mwalimu wa redioni alikuwa akiuliza swali, ananyamaza kidogo, halafu anasema "vizuri sana" na kuendelea mbele. Jambo hilo linamuudhi mpaka leo.

"Mama," aliniambia siku moja tukipiga pasi, "nikikosea ananiambia vizuri sana. Nikichelewa kuandika ananiambia vizuri sana. Siku moja nilimtukana, akaniambia vizuri sana."

Nilicheka mpaka nikaweka pasi pembeni. Lakini herufi alizipata hivyo hivyo, kwa masikio, bila mwalimu kujua kwamba ana mwanafunzi. Mimi za kwangu nimezipata nina wajukuu, kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka sana.

Kushona nilimfundisha mimi, kama nilivyofundishwa. Mwanafunzi anakaa ubavuni mwa fundi na kutazama mikono. Mwaka wa kwanza hagusi kitambaa cha mtu kwa mkasi, anakata magazeti. Anapinda pindo, anafumua, anapinda tena, mpaka vidole viache kufikiri. Maneno mengi hayahitajiki. Fundi anasema "hivi", na mwenye macho anaona. Hiki unakilaza hivi. Huu unaukunja huku. Siyo vile, hivi. Kwa maneno hayo nimefundisha wasichana kumi na wanane, na wote wanakula kwa sindano. Najivunia, na sioni kwa nini nisijivunie.

Baada ya miaka mitatu pindo lake lilinyooka kuliko langu. Sikumwambia.

Mwanangu mwenyewe ni dereva wa lori la masafa, nyumbani ni mgeni, anakuja na nguo chafu anaondoka na nguo safi. Kwa hiyo miaka mingi tumekuwa wawili, mimi na mkewe, cherehani mbili, meza moja ya kukatia na dirisha linalotazama barabara. Ng'ambo ya barabara kuna ghala, na langoni pake analinda mwanamke mmoja mrefu, mkimya, ambaye hapa mtaani tunamwita Mlinzi tu. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo yote.

Alikuja siku yake ya mapumziko, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema anataka kujifunza kushona. Nikamwambia aje kila siku saa mbili asubuhi.

"Saa mbili niko langoni, Bibi."

"Basi saa kumi jioni."

"Saa kumi niko langoni."

"Sasa unataka kujifunza ukiwa umelala?"

Akatabasamu, akavaa kofia yake, akaenda zake. Mke wa mwanangu alimtazama mpaka akavuka barabara. Kesho yake nikamkuta ameniwekea simu mkononi, ananiomba nimshikie hivi, usiitikise, halafu akapinda pindo la sketi mbele ya simu huku akieleza. Video ile akamtumia Mlinzi. Mchana nikachungulia dirishani, nikamwona amekaa kwenye kiti chake cha langoni, jicho moja kwenye lango, jingine kwenye simu, na vidole vinapinda kitambaa cha kufutia vumbi.

Mlinzi akamtumia dada yake. Dada yake akamtumia Mama Pacha, ambaye watoto wake wawili hawamwachi hata aoge. Mama Pacha akamleta mwenzake ambaye miguu haimbebi, anatembelea kiti cha magurudumu na ngazi za vyuo zimemshinda. Akaja mwingine tukampa jina la Swali, kwa sababu hajawahi kutuma ujumbe usioishia na swali. Wakawa tisa, kila mmoja kwake, wengine safari ya siku nzima kutoka hapa, wote ndani ya kikundi kimoja cha simu.

Mimi nilipinga. Nilimwambia, "Cherehani haifundishwi kwa simu. Mwanafunzi akikosea utamgusaje mkono?"

"Simgusi, Mama. Namsubiri."

Na kweli aliwasubiri. Sharti lake lilikuwa hili: somo jipya halitoki mpaka wote tisa wamepiga picha ya kazi yao na kuituma, naye ameitazama na kumjibu kila mmoja kwa sauti. Kama mmoja mtoto wake anaumwa, wanane wanangoja. Swali alilalamika kwamba wanacheleweshwa. Mke wa mwanangu akamjibu, nilikuwa nasikia, "Mwenye haraka kuna redio."

Kitu kikikua kinaonekana. Habari zikafika ofisi ya mafunzo ya ufundi, ile inayotoa vyeti, na akatumwa mkaguzi. Alikuja mtu mpole mwenye faili, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayeogopa sindano.

"Darasa liko wapi?" akauliza.

Mke wa mwanangu akampa simu.

Mkaguzi akaitazama, akaigeuza, akatazama mgongo wake. "Mama, sisi tunahesabu madawati."

"Hesabu watu," nikamwambia. Nilikuwa napinga, ndiyo, lakini nyumbani kwangu mgeni hamdharau mtu wangu.

Akafikiri, akafungua faili, akafunga. Akasema mtihani wa ufundi uko baada ya wiki nane. Kila mtahiniwa analeta blauzi moja ya kike aliyoishona nyumbani, na nyingine anaishona pale pale mbele ya wasimamizi. Alete hao tisa. Watano wakifaulu, yeye ataandika kwamba darasa lipo, na mwalimu atatambuliwa. Wasipofika watano, akasema bila ubaya wowote, basi bora asiwapotezee wanawake wa watu muda wao.

Alipoondoka, mke wa mwanangu alikaa akizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Kisha akasema, "Mlinzi amenunua cherehani, Mama. Ya mkono. Anaiweka kibandani langoni."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akifikiria ofisi.

Sasa naja kwenye kosa.

Aliyekuwa akimshikia simu ni mimi. Mkono wangu hautetemeki, hata sasa. Lakini mdomo wangu nao haunyamazi kazi ikiharibika mbele yake. Akishona nami nikaona jambo, nasema. Wanafunzi walikuwa wakifungua video wanasikia mwalimu anaeleza mkono wa blauzi, na nyuma yake sauti inasema, "Pasi imepoa hiyo," au, "Usivute, unavuta kama unakamua nguo." Wengine walifurahi. Mama Pacha alikuwa akiandika, Bibi leo kaamka vibaya. Lakini Swali akauliza, je, tumsikilize nani, mwalimu au Bibi?

Basi mke wa mwanangu akaniomba. Aliomba kwa adabu, amekaa chini kuliko mimi. "Mama, naomba ninaporekodi usiseme. Ukiona kosa, niambie tukimaliza."

Maneno mazuri hayo, mtu mwenye akili angeyakubali. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba katika chumba ambacho nimekaa miaka arobaini na moja, kwenye cherehani yangu, nimeambiwa ninyamaze. Nikaiweka simu mezani.

"Tafuta mti ukushikie," nikasema.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikijibu salamu na si zaidi.

Hakupata mti. Alipanga maboksi mawili ya nyuzi, akaiegemeza simu hapo, na kwa kuwa hakuna wa kumwambia kama mikono yake imetoka nje ya picha, akatumia ile kamera ya mbele, ili ajione mwenyewe kwenye kioo cha simu anapofanya kazi. Somo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko yote: kifua cha blauzi, pale vifungo vinapokaa.

Kwa asiyejua ushonaji nieleze. Blauzi ya mwanamke, upande wa kulia wa mvaaji ndio unaolala juu, na ndio wenye vitundu vya kupitishia vifungo. Vifungo vinakaa kushoto. Shati la mwanamume ni kinyume chake. Sijui nani aliamua, lakini fundi akigeuza hilo hata mtoto atamcheka, na msimamizi wa mtihani hamalizi kuitazama nguo.

Nilikuwa kwenye stuli yangu, nimenuna, natazama. Alifanya vizuri. Hakukosea hata kidogo. Alisema, "Huu unakuja juu. Huu unakaa chini. Vitundu hapa, vifungo hapa. Hivi." Alikuwa anasema maneno yangu mimi. Ndivyo nilivyomfundisha.

Jioni aliiacha simu mezani video ikicheza, akaenda kuangalia sufuria. Mimi nikapita na nguo za kupiga pasi, jicho likaanguka pale. Nikasimama. Kwenye simu alikuwa ameshika mkasi kwa mkono wa kushoto.

Mke wa mwanangu si mtu wa kushoto. Nikainama. Ule upande uliolala juu haukuwa ule niliouona ukilala juu asubuhi. Kila kitu kilikuwa kimegeuka, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Simu yenyewe sikujua inafanyaje, na hata sasa nimeelezwa tu kwamba kamera ya mbele ya baadhi ya simu ina tabia hiyo. Lakini nguo naijua. Niliona, na nilijua nimeona nini.

Mdomo ukafunguka. Halafu nikakumbuka kwamba nimeambiwa ninyamaze, nikaufunga, nikaenda kupiga pasi.

Siku ya kwanza nilijiambia ataona mwenyewe. Siku ya pili nilijiambia labda ikifika kwenye simu za wenzake inajigeuza tena. Siku ya tatu video ilikwishatumwa, na kusema kungemaanisha kusema pia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Kiburi kina mlango mpana wa kuingilia. Wa kutokea ni mdogo, lazima uiname, na mimi mgongo wangu haukuzoea.

Mtu atauliza, kwani yeye na wanafunzi wake tisa hawakuona? Hawakuona. Siku ile hakutumia utepe wa kupimia, vipande vilikuwa vimekatwa tayari kwenye somo la nyuma. Angeutumia, namba zingeonekana kinyume na mtu angeshtuka. Wala hakutaja kulia wala kushoto, alisema huu na huu. Na picha za wanafunzi zilipokuja, kila mmoja alikuwa amevaa blauzi yake na kujipiga picha mwenyewe, kuanzia shingo kushuka, kwa kamera ya mbele ile ile. Kosa lililogeuzwa mara moja likageuzwa mara ya pili, likaonekana sahihi. Hata mimi nilipozichungulia zile picha nilipumua, nikasema, kumbe nilikuwa naogopa bure.

Zilikuwa zimebaki siku sita kufika mtihani Mama Pacha alipokuja. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alisimama mlangoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akasema, "Hodi kwa Bibi aliyeamka vibaya," nami nikajua ni nani kabla hajamaliza. Alikuwa ameniletea zawadi, blauzi ya bluu aliyonishonea kwa kukisia mwili wangu kutoka kwenye sauti yangu, ndivyo alivyosema.

"Sauti nene, Bibi, nikaongeza kifuani."

Ilinikaa vizuri. Nikaanza kuifunga. Vidole vyangu vikaenda kutafuta vifungo mahali pasipo na vifungo. Nikajaribu tena. Mikono ya fundi haisikii la mtu, inakwenda inakojua.

"Bibi amesahau kuvaa nguo," Mama Pacha akacheka.

Mke wa mwanangu alikuwa anamnywesha pacha mmoja maji. Alinitazama mikono. Akaweka kikombe chini, akanisogelea, akanivua ile blauzi polepole kama anavyomvua mtoto, akailaza mezani.

"Hii ni ya mwanamume," akasema.

"Ya mwanamume vipi?" Mama Pacha akasema. "Mwanamume gani ana kifua hicho?"

Hakucheka. Alifungua simu, akaitafuta video, akaitazama akiwa amesimama. Ilipomalizika akairudisha mwanzo. Kisha akauinua mkono wake wa kulia mbele ya simu, akautazama, akautazama ule wa kwenye simu. Akakaa sakafuni.

"Wote wameshona hivi," akasema. "Wote tisa."

Mama Pacha naye akakaa. Mapacha wakaanza kuvuta uzi kwenye boksi, na hakuna aliyewakataza.

"Mama," mke wa mwanangu akasema bila kunigeukia, "siku ile ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Video yenyewe uliiona?"

Ningeweza kusema sikuiona. Mimi mzee, macho yangu yangenitetea. "Niliiona."

"Lini?"

"Jioni ile ile."

Akanigeukia. Hakupandisha sauti. Alinitazama kama anavyoutazama mshono anaopima kama aufumue au auache. "Wanawake tisa, Mama," akasema, na hilo ndilo pekee aliloniambia. Mpaka leo hajaongeza neno juu yake.

Mshono unafumuliwa, lakini kitundu kikishakatwa kwenye kitambaa hakizibiki. Ilibidi wote waanze upya, blauzi mpya ya kubeba kwenda mtihanini, na zaidi ya hiyo wajifunze upya kwa mikono iliyokwishazoea. Aliwatumia ujumbe wa sauti papo hapo, Mama Pacha akiwa bado sakafuni. Alisema kosa ni lake, ameitumia kamera vibaya, wasishone tena mpaka kesho asubuhi. Mimi hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Asubuhi yake nilichukua simu kabla hajapanga maboksi.

"Nipe sharti lako la kunyamaza," nikasema.

"Sharti limebadilika. Useme ukiona kitu."

"Na Swali je?"

"Swali atavumilia."

Nikasimama nyuma ya bega lake la kulia, pale mwanafunzi wangu alipokuwa akikaa siku zote, kwa kamera ya nyuma, ili anayetazama aione mikono kama ni yake mwenyewe. Akaanza. "Huu unakuja juu..."

"Huu upi?" nikasema.

Akaugusa ule upande. "Huu wa... wa kulia."

"Kulia kwa nani? Kwako wewe au kwa mvaaji?"

Tukaanza tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona. Ulimi wake ulikuwa umelelewa na "hivi" yangu, na kila alipotaka kusema kulia kwa mvaaji ilitoka "hivi". Mara nyingine alikasirika, akaweka mkasi kwa kishindo. Mara nyingine mimi mwenyewe nilisema "siyo vile", akaniuliza vile vipi, nikakosa jibu. Miaka arobaini na moja nimefundisha kwa kidole. Aliye karibu anakiona kidole. Aliye mbali ana maneno yako tu, na mimi maneno sikuwa nayo. Mchana ndipo tulipopata video moja isiyo na "hivi" hata moja.

Wakaanza kushona. Picha zikaja, safari hii blauzi imelazwa kitandani au mezani, alivyowaagiza. Siku ya tatu Swali akatuma ujumbe kwenye kikundi. Alikuwa amelia, sauti ilikuwa nzito. Kitambaa chake kizuri, alichokuwa amekitunza, kilikuwa kimeishia kwenye ile blauzi iliyoharibika. Akauliza, "Mwalimu, wewe fundi mzima, hukuona vipi?"

Mke wa mwanangu akabonyeza, akajibu, "Sikuona. Nisamehe." Akarudi kwenye kazi yake.

Nilivumilia kidogo. Nikajaribu kutia uzi kwenye sindano, haukuingia. Nikasema, "Nifungulie hapo pa kusemea."

"Unataka kusema nini, Mama?"

"Fungua tu."

Akaishika simu mbele ya mdomo wangu, kidole chake kwenye kile kitufe. Nikasema hivi: "Mimi ni mama mkwe wa mwalimu wenu. Yeye hakuona. Mimi niliona jioni ya siku ya kwanza, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimenuna. Mwenye hasira aniletee mimi. Nyumba inajulikana." Akaondoa kidole, maneno yakaenda, na hayarudishwi.

Mke wa mwanangu akarudi kwenye cherehani yake. Kisha Mama Pacha akatuma kicheko. Swali akauliza, ulinuna siku ngapi, Bibi? Mwenye kiti cha magurudumu akasema yeye mama mkwe wake ananuna tangu harusi. Wakacheka wao kwa wao. Mlinzi aliusikiliza ujumbe, simu ilionyesha ameusikiliza, wala hakujibu. Nilichungulia dirishani. Alikuwa langoni, amekaa wima, anatazama barabara.

Siku ya mtihani wote tisa walikutana pamoja uso kwa uso mara ya kwanza, nje ya ukumbi wenye meza ndefu. Walitambuana kwa sauti. Mmoja alikuwa akisema "samahani, nipite", mwingine anageuka, "Wewe ndiye Swali," nao wanakumbatiana kama waliozaliwa pamoja. Mke wa mwanangu alizunguka kati yao akirekebisha kola ambazo hazikuhitaji kurekebishwa. Mkaguzi alipita na faili lake, akawahesabu kwa kidole, tisa, akatikisa kichwa kukubali. Kengele ikalia wakaingia. Sisi tukabaki kwenye benchi la nje. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, ameubana.

Majibu yalichukua wiki tatu. Sita walifaulu. Mama Pacha, Swali, mwenye kiti cha magurudumu na wengine watatu. Mkaguzi alileta karatasi mwenyewe, akaandika mbele yetu kwamba darasa lipo. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya namba ya chumba. Aliitazama nafasi ile muda, akapiga mstari.

Watatu walianguka. Wawili kwa makosa yao ya kawaida, mmoja kola, mwingine hakumaliza kwa wakati. Wa tatu ni Mlinzi. Blauzi aliyoibeba kutoka nyumbani ilikuwa nzuri kuliko zote, mkaguzi alikiri. Lakini ile ya mbele ya wasimamizi, saa ikimkimbiza, mikono yake ilirudi ilikozoea. Upande wa kushoto juu. Ile video ya kwanza aliitazama kuliko wote, kule langoni, siku baada ya siku, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote. Bidii ndiyo iliyomwangusha.

Mke wa mwanangu aliposoma jina hilo alikunja karatasi, akaenda uani, akafua nguo zilizokuwa safi.

Sasa ametambuliwa, ana wanafunzi kumi na wanne wapya, na ofisi inamtumia hata wa kutoka kwingine. Anasema kulia na kushoto mpaka jikoni, ukimwomba chumvi anakuuliza kushoto kwa nani. Watu wanaona hayo, ndiyo maana wanasema amebahatika.

Mimi nilivuka barabara siku mbili baada ya majibu. Mlinzi aliinuka kunipisha kiti, kwa kuwa ana adabu, nami nikakataa kukaa.

"Nilikusikia kwenye simu, Bibi," akasema.

"Najua."

"Sijakusamehe. Sitaki nikudanganye."

"Sijaja kuomba hilo," nikasema. "Nimekuja kuona mikono yako."

Alitazama lango, akatazama barabara. Akaingia kibandani, akatoka na ile cherehani ya mkono, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lori likija utanipisha nifungue," akasema.

"Nitakupisha."

Mtihani wa marudio ni baada ya miezi mitano. Nakwenda kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Hatuongei mengi. Anashona kifua cha blauzi, anafumua, anashona tena, na kila akisikia honi anaacha sindano hewani na kukimbilia lango. Akirudi amechoka, upande wa kushoto unajitokeza juu wenyewe, kabla hajajua. Ukijitokeza, nasema.